Faili la Sita

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua kwa hasira ulizonazo hutaitikia sasa hivi, lakini shikamoo haiozi. Nimeiweka hapo juu, utaiitikia ukimaliza kusoma.

U hali gani? Shemeji hajambo na kazi zake za zamu? Na huyo mpwa wangu anayeniangalia kwenye picha kama ninamdai, meno yameanza kuchomoza? Sisi huku hatujambo. Ningependa kuishia hapo kama watu wote wanavyoandika, lakini safari hii hatujambo yetu ina maelezo marefu kidogo, na naomba unisomee mpaka chini kabla hujaichana karatasi.

Naandika kwa mkono kwa sababu umenifungia kwenye simu. Jumbe zangu saba zote zimebaki na tiki moja moja. Barua hii anakuletea mwenzako wa kazini aliyekuja likizo, nimembembeleza na amekubali kuiweka kwenye mkoba wake. Maneno yako ya mwisho bado ninayo: kwamba kama uso wa mama haukumgusa baba, basi wewe baba huna tena, na mimi nisikutafute. Nimeyasoma mara nyingi mno. Sikuyaelewa siku ile, na hata nilipoanza kuyaelewa nilizidi kuchanganyikiwa. Ngoja nikupangie mambo yalivyokwenda, maana mimi mwenyewe nikiyapanga ndiyo kidogo yananiingia.

Unakumbuka ulivyonituma. Tangu ulipofika siku mbili baada ya maziko ya mama, na baba akasema mbele za watu kwamba aliyekosa kumzika mama yake asimpigie simu, na wewe ukaapa kutopiga mpaka akutafute mwenyewe, miaka miwili na nusu nimekuwa tarishi kati yenu. Fahali wawili wakipigana ziumiazo nyasi, na nyasi ni mimi, ninayekanyagwa na wote wawili. Kwa hiyo uliponiambia umepata njia, nilifurahi kuliko wewe. Ulimnunulia baba ile deki ndogo ya mkononi, ya kusoma kadi, yenye kioo kama kiganja, kwa kuwa simu za kupapasa hazitaki. Anasema zina kiburi, unagusa hapa zinafungua kule. Ukajirekodi dakika sita. Unamsalimia, unamwonyesha jiko, unamwonyesha dirisha na mti wa jirani. Halafu dakika ya nne unanyamaza, unageuza simu kitandani, na hapo amelala mwanao mwenye jina la mama, paji la uso la mama, na midomo ile ya mama ya kama anataka kukuuliza umechelewa wapi. Sekunde arobaini husemi neno. Kisha unarudi na kusema ni hayo tu, baba.

Masharti yako yalikuwa matatu. Nisimwambie baba habari za mtoto, mwache aone kwa macho yake, akiuona uso ule hatahitaji maneno. Nisikae naye chumbani, asije akaona haya kulia mbele yangu. Na atakachosema nikuletee kama kilivyo, bila kutia chumvi. Nikakuambia umefika kwa fundi. Harusi zote za mtaa huu zimepita mikononi mwangu, dakika sita za dada yangu zitanishinda?

Zilinishinda, dada.

Faili la kwanza nililitia kwenye kadi kama ulivyonitumia. Nikakaa na baba kidogo nihakikishe inawaka, nikabonyeza, sauti yako ikajaa chumba, na kioo kikawa cheusi na maandishi madogo kwamba fomati ya picha haitambuliki. Nikamwambia baba kwa sauti kwamba kioo ni cheusi, picha hakuna. Hapo ndipo mambo yote yalipopindia, ingawa sikujua.

Nikueleze kidogo kazi yangu, usichoke. Video ni kama sanduku. Nje lina jina, ndani mna vitu viwili, picha na sauti, na kila kimoja kimekunjwa kwa namna yake, ndiyo fomati hiyo. Kompyuta inajua kukunjua karibu kila mkunjo. Deki ndogo zinajua miwili mitatu tu, na ile ya zamani zaidi ndiyo zinayoipenda. Basi faili la pili nikalikunja kizamani, picha nikaipunguza mpaka ukubwa wa kioo chake, mia tatu na ishirini kwa mia mbili na arobaini, nikaenda kulijaribu kwenye deki ya namna hiyo hiyo kwa muuza simu wa jirani na studio yangu. Likacheza vizuri kabisa. Muuza simu akakusifia gauni. Jumatano nikampelekea baba, nikabonyeza, nikatoka uani kama ulivyoagiza, nikasimama karibu na ndoo nikihesabu vigae vya paa. Baba akaniita ndani. Akasema anakusikia, lakini picha hakuna.

Nilipigwa na butwaa. Akaniuliza, kwa upole wote, kama huenda ni mashine ndiyo mbovu. Nikamjibu kwamba si mashine, ni fomati, tena nikajibu kwa uhakika wa mtu asiyejua kitu. Akatikisa kichwa, akasema basi niitafute hiyo fomati.

Faili la tatu nikapunguza idadi ya picha kwa sekunde. La nne nikalilaza, kwa sababu ulijirekodi simu imesimama, nikakuzungushia weusi kushoto na kulia. La tano nikaongeza mwanga mpaka ukawa kama umepakwa chokaa. Yote kwa muuza simu yanacheza, kwa baba hayachezi. Nikaibeba deki yenyewe ya baba mpaka studio, nikaiweka mezani, ikacheza bila wasiwasi wowote. Nikairudisha kwa baba, nikatoka uani, nikarudi: picha hakuna. Muuza simu alicheka mpaka akakaa chini, akasema labda nyumbani kwa baba mtandao hafifu. Deki haina hata mtandao! Lakini nilikuwa nimefika mahali ambapo nililifikiria hilo kwa dakika nzima, nikiwa na akili zangu timamu.

Kila nilipofika na jipya baba alikuwa anakaa wima kwenye kiti, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya kitambulisho. Nabonyeza, natoka. Kisha ananiita, na nikiingia namkuta ameinama tena. Mara mbili aliniomba radhi kwa kunisumbua. Baba yetu, kuomba radhi! Hilo peke yake lingetosha kunishtua, lakini akili yangu yote ilikuwa kwenye mikunjo.

Faili la sita nililitoa Alhamisi, studio imejaa. Kwenye ule ukurasa wa kutolea video kuna visanduku vya kuweka alama, kimoja cha picha, kimoja cha sauti. Nilikuwa nimeiondoa alama ya picha ili niipange upya, mara akaingia shangazi wa bibi harusi mmoja, anafoka kwamba kwenye video nzima ya harusi nimemwonyesha mgongo tu. Nikabishana naye nusu saa. Niliporudi kwenye kompyuta nikabonyeza toa. Likatoka haraka ajabu, na mimi nikaifurahia ile haraka. Haraka haraka haina baraka, tuliimba shuleni sote, mimi ndiye niliyeimba tu.

Jioni hiyo nikampelekea. Nikabonyeza, jina la faili likatokea, nikatoka uani kabla halijaanza. Baba akaniita. Nikaingia nikiwa nimeshakata tamaa, nikamkuta anajifuta macho kwa mgongo wa mkono. Akasema ameona. Ameona kila kitu, safi kabisa, umenenepa kidogo na inakupendeza, nikuambie kwamba ameona na anashukuru. Dada, niliondoka pale natembea kama bwana harusi. Nikakuandikia ameona, amelia. Kuhusu mtoto hakusema neno, na nilishangaa, lakini nikajiambia uso kama ule si jambo la kusemwa siku hiyo hiyo. Mwache aumeze.

Wewe ukangoja. Siku kumi na mbili ukangoja, kisha ukaniandikia uliyoniandikia.

Nilimkasirikia baba kwa niaba yako. Nikaichukua ile kadi, nikakusudia nimsimamishie picha palepale dakika ya nne nimuulize uso kwa uso huyu anamwona au hamwoni. Nikaifungua kwanza studio nitafute sekunde yenyewe. Kioo cheusi. Sauti yako ipo, unaeleza jiko, kioo cheusi. Nikadhani kompyuta. Nikaizima, nikaiwasha. Nikaenda kwa muuza simu: cheusi. Nikatazama uzito wa faili, nikaona ni la sauti tupu, picha haimo hata moja, haikuwahi kuwamo.

Sasa niambie wewe uliyesoma kunizidi. Mafaili matano yenye picha baba hakuona kitu. La sita lisilo na picha akaona kila kitu, mpaka unene wako. Nilikaa pale nikajaribu kulifumbua. Nikasema kadi imebadilishwa, lakini ina alama yangu ya kalamu. Nikasema aliona faili la zamani, lakini kila mara nilikuwa nafuta kadi nzima. Nikasema amedanganya ili asimzungumzie mtoto, halafu nikajiuliza atamkwepaje mtoto ambaye hajamwona wala hajaambiwa? Kila jibu lilikuwa linazaa swali. Mwishowe nikafunga studio saa nane mchana, wateja nje, nikaenda kwake.

Nilichokifanya huko nakionea aibu. Niliishika deki mbele yake ikiwa imezimwa, nikamuuliza amelionaje gauni lako. Akasema si lile la buluu, wewe na buluu tangu utoto. Ulivaa la njano, dada. Sikusema kitu. Na kwa kuwa sikusema kitu, akaelewa. Akanyoosha mkono kuitafuta deki, ukapita pembeni yake, ukarudi, ukaigusa. Akaniuliza kama ilikuwa imewaka.

Baba haoni. Jicho la kushoto lilianza kufifia mwaka uleule wa msiba, la kulia likafuata mwaka jana. Mwanga wa dirisha anauona, na mtu akisimama mlangoni anamwona kama nguo iliyotundikwa. Kumbe kazi ya mabango hakuiacha kwa sababu watu siku hizi wanachapisha kwenye plastiki, kama alivyotuambia. Yule aliyekuwa anaandika jina la duka kwa mkono mtupu, bila rula, na mstari ukanyooka, aliona siku moja mwenye duka anafuta kimyakimya herufi zake, akakusanya brashi zake akaja nyumbani. Na sisi tukamsifu kwa kupumzika. Nilikuwa naenda kwake kila Jumapili, dada. Ananitambua kwa hatua, anajua nimevaa viatu vipya, na mimi nikajiona nina baba mwenye macho makali.

Nikamuuliza kwa nini basi alisema picha hakuna, akanipandisha na kunishusha na mafaili matano. Akasema mara ya kwanza nilisema mwenyewe kwamba kioo ni cheusi. Hajasikia habari nzuri kama ile kwa muda mrefu. Akajua giza lile si lake, ni la mashine. Kila nilipokuja na fomati nyingine alikuwa anaomba iwe ndiyo, akuone hata kwa ukungu. Mara ya sita alinisikia ninavyohema nikiingia, akanihurumia, akaamua aseme ameona ili mimi nipumzike. Na machozi yalikuwa ya kweli, yalikuwa ya sauti yako.

Nililia kama mtoto, sitakuficha. Kadi nikairudisha kwenye deki, asiikose sauti yako. Nimempeleka kwa daktari wa macho. Ni presha ya macho. Kilichopotea hakirudi, kilichobaki kinalindwa kwa dawa ya matone, asubuhi na jioni, na mshonaji wa mlango wa pili ndiye anayemtilia siku ambazo siwezi kufika. Mficha maradhi kifo humuumbua, kwake macho ndiyo yaliyomuumbua kwanza. Daktari amesema tungekuja mapema. Watu wote husema hivyo, lakini safari hii ni kweli.

Sasa linalonikaba, dada, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Haya yote niliyajua wiki tatu zilizopita. Baba aliniapisha nisikuambie. Alisema ukijua utarudi kwa huruma, na yeye hataki mwana wa kumletea huruma, anataka mwana aliyemkosea naye akamkosea, wakae wamalizane. Kwa hiyo nikawa na viapo viwili mfukoni: chako nisimwambie habari za mtoto, chake nisikuambie habari za macho. Nikanyamaza pande zote nikidhani ndio uaminifu, na wakati huo wewe unaamini baba kamkataa mjukuu, na baba haamini chochote kwa sababu hana habari kwamba ni babu. Ningefungua mdomo upande mmoja tu, usingelia wiki tatu. Nisamehe. Nilichanganyikiwa, lakini kuchanganyikiwa si udhuru wa wiki tatu.

Juzi asubuhi mshonaji akaniambia baba anaicheza ile deki kila siku akishakunywa chai, yeye huisikia kupitia ukutani, na kuna mahali baba anaparudia parudia pasipo na neno lolote. Nikaenda. Nikamkuta nayo sikioni. Akanikalisha, akaniuliza kama mtu aliyekwisha kuhesabu: pale katikati, baada ya habari za mti wa jirani, kuna kimya cha sekunde arobaini. Hakuna kitu ila feni. Umo ndani ya kimya hicho, anakusikia ukimeza mate, lakini husemi. Alidhani mwanzoni unalia. Kisha akadhani ulikuwa unatafuta neno la kumsamehe, ukalikosa, ukaona uage tu. Amekaa na wazo hilo tangu siku ile. Akataka nimwambie, mimi niliyeiona picha, uso wako ulikuwaje katika zile sekunde arobaini.

Nikavunja kiapo chako. Nikamwambia uso wako haukuwamo. Nikamwambia aliyekuwamo ni nani, anaitwa nani, paji lake la uso ni la nani na midomo ni ya nani, kwamba ana miezi saba na alikuwa amelala chali na mkono mmoja umetoka nje ya shuka. Nilimweleza vibaya, kwa kurudiarudia, kazi yangu ni kuonyesha si kueleza. Baba hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akaniomba nimweleze tena tangu mwanzo, nikamweleza. Kisha akaniuliza jina, nikalitaja, akaniomba nilitaje tena.

Na leo nakivunja kiapo chake, lakini hiki navunja kwa ruhusa. Yupo hapa pembeni yangu ninapoandika, amenyoa, simu yake ya vitufe iko kwenye paja lake tangu asubuhi ingawa nimemweleza kwamba barua haiwezi kufika leo wala kesho. Amekubali uambiwe macho, uambiwe na mafaili, uambiwe na gauni la buluu. Namba yake ni ileile. Anataka upige wewe, amesema kile kiapo cha mbele za watu alikila yeye na amekitema yeye.

Anasema ukipiga usianze na salamu, wala habari za maziko, hayo mtakuja kuyasema mkiwa mmekaa. Kwanza umpe mtoto simu. Nimemwambia kwa saa za huko, atakapokuwa amemaliza chai yake huku, mtoto huenda atakuwa amelala. Amesema umwamshe.

Msalimie shemeji sana, mwambie gauni la njano limesifiwa na watu wa nje. Mshonaji anakusalimu, muuza simu naye, hata hakujui. Baba hana salamu, amesema zake atazitoa mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,

Kitinda